Tajiri Aliyepasua Mto

Mgeni wa heshima akija, kazi inafungwa. Ndivyo tulivyolelewa katika nyumba za Waislamu hapa mjini Gisenyi: unafagia, unatandika, unapika pilau, kisha unakaa kumngoja. Kumpokea mtu huku cherehani zinanguruma ni kumwambia amekuja kusumbua. Kwa hiyo niliposikia kwamba tajiri mwenyewe, mwenye kiwanda cha nguo Kigali, anakuja kuiona karakana yangu, niliwapa mafundi wangu wanne mapumziko, nikafunika cherehani kwa vitambaa vya kudarizi na kutoa nje kila kipande kilichokuwa sakafuni. Nilijiona hodari kweli.

Yeye na wafanyabiashara wenzake wakubwa walikuwa wameanzisha mfuko wa kuwainua wenye biashara ndogo. Fedha zilikuwa zao wenyewe, na zaidi ya fedha kila mmoja alitoa siku zake akaenda kukaa na mtu anayetaka kumsaidia. Mimi niliomba cherehani mbili za umeme. Nashona sare za shule, na shule zinalipa kile kile huku kitambaa kinapanda bei kila muhula. Niliwaandikia kwamba nisiposhona kwa kasi zaidi, fundi mmoja itabidi nimrudishe kwao.

Alikuwa mzee mwembamba, shati amelikunja mikono. Alikulia Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka mpaka nikaona haya kufungua mdomo.

"Mafundi wako wapi, Mama?"

"Nimewapa congé, Mzee. Leo ni siku yako."

"Sasa nimekuja kuona nini?"

Nikafunua sufuria ya pilau, nikidhani harufu itaniokoa. Akatabasamu. "Nitakula, usiwe na wasiwasi. Kwanza nionyeshe vipande ulivyobakiza mlipokata mara ya mwisho."

Mtu atoke Kigali, apande na kushuka milima yote ile, aje kutazama taka! Nilimjibu kwa ukavu kwamba vipande nimempa jirani yangu, mjane aliyerudi kutoka Congo, ambaye anavijazia mito ya kuuza. Kabla sijamaliza alikuwa ameshatoka mlangoni.

"Karibu, Mzee! Mito iko, unataka ngapi?" jirani alimuuliza kwa furaha.

Alinunua mmoja, akalipa, kisha akaomba wembe. Akaupasua pale pale mkekani.

"Yesu! Huyu mutu ananunua kitu juu ya kuiharibu?"

"Mi sijui, dada," nilisema, na kweli sikujua.

Akapiga magoti. Mzee mwenye kiwanda, magoti mkekani, anatoa vipande vyangu vya buluu kimoja kimoja, anavinyoosha kwa kiganja, anavigeuza, anavipanga ubavu kwa ubavu. "Hii ni kola," alisema. "Huu ni mfuko. Hapa nimekaribia kupata mkono mzima." Alipomaliza, sehemu kubwa ya shati la mtoto ilikuwa imelala mbele yetu. "Cherehani zako hazina shida, Mama. Faida yako watu wanailalia."

Jirani alicheka. Mimi nilikasirika, nisidanganye. "Mzee, mi nakata nguo tangu niko musichana."

"Najua. Mimi karakana yangu ya kwanza iliniponyoka mikononi hivi hivi, na hakuna aliyenipasulia mto."

Hasira iliniisha hapo. Nimewaona wafadhili wanaokuja na mpiga picha, wanakupa kitu, mnashikana mikono, basi. Huyu alinipa aibu yake mwenyewe, tena mbele ya jirani, ili mimi nisione haya peke yangu. Tangu siku ile namheshimu kuliko watu wengi wa damu yangu.

Tukarudi kula. Katikati ya pilau akauliza, "Bila hizo cherehani, ungemwondoa nani?"

"Iko mama moja wa Busasamana," nilijibu upesi. "Anashona muzuri, lakini polepole sana. Anageuza kitambaa mara tatu ndiyo anaanza. Bon, tufanye je?"

Aliweka kijiko chini. "Anageuza mara tatu? Huyo mpe mkasi."

Cherehani sikupata. Mfuko wao ulinitumia mkataji mkuu wa kiwanda chake, akakaa nasi muhula mzima, akimfundisha yule mama kupanga ruwaza za karatasi juu ya kitambaa kabla ya mkasi kugusa chochote. Mzee alipiga simu kila wiki, na hakuuliza habari zangu kabla ya kuuliza habari za vipande. Sasa jora lile lile linatoa sare nyingi zaidi, mafundi wote wanne wapo, na jirani yangu ameninunia kwa sababu vipande vyangu havijazi hata mto wa mtoto.

Muhula huu ulipoanza, mama wa Busasamana alikuja na binti yake, amevaa sare aliyoikata mama mwenyewe. Alinishika mikono yote miwili.

"Asante, mama. Juu uliniamini, wakati mi mwenyewe sikujiamini."

Nilimwambia, "Karibu." Mpaka leo sijapata ujasiri wa kumwambia kwamba nilipoulizwa nani aende, nilimtaja yeye hata kabla sijameza tonge.