Kasyoka Akataa Kufufuka

Mwaka huo wa 1986, Kasyoka Ndululu alikuwa mpiga chapa wa shule ya sekondari iliyokuwa mwendo mfupi kutoka soko la Mukuyuni, na tangu amalize kidato cha nne hakuwahi kuwa kitu kingine. Katika mtihani alikuwa amempita kaka yake mbali. Kaka akapelekwa Nairobi kuendelea na masomo, yeye akapelekwa kwenye taipureta, na hakuna aliyeona haja ya kumweleza sababu. Barua za mwalimu mkuu, matangazo ya kanisa lililoifadhili shule, risala za harambee, hotuba za kuwaaga waliofariki na za kuwakaribisha wakubwa, zote zilipita vidoleni mwake, na katika hayo yote hapakuwa na neno lililokuwa lake. Mwalimu mkuu, Bwana Musyoka, alikuwa na desturi ya kusimama nyuma ya kiti chake na kumwamuru hata mahali pa kuweka mkato.

Kitu pekee alichoweza kukiita chake kilikaa ndani ya katoni la sabuni. Hivyo vilikuwa vitabu alivyovinunua Emali, penye wauza mitumba karibu na stesheni, ambako abiria wa garimoshi waliuza walichokwisha kusoma kwa bei ya chai. Vingi havikuwa na majalada. Vilisimulia vyombo vya angani, mashine zenye akili, sayari zenye majua mawili, na mazombi, yaani maiti wanaoamka na kutembea bila kujua kwamba wamekufa. Kwa ajili ya vitabu hivyo watu sita walikutana kila Jumamosi: yeye Kasyoka, Nzomo, mwalimu wa hisabati aliyecheka upesi kuliko alivyofikiri, Wariara, binti wa wahamiaji wa Murang'a aliyekuwa na duka la dawa sokoni, na walimu watatu vijana. Waliweza kubishana mchana kutwa kama mbuzi wa Ukambani angestahimili ukame wa Mirihi. Kitabu kilichokosa kurasa za mwisho, Kasyoka alikitungia mwisho, na wenzake wakaupinga kana kwamba yeye ndiye mwandishi aliyewakosea. Hakuna mahali pengine duniani ambapo mtu alijisumbua kumpinga. Kwingine kote aliamriwa tu.

Harambee ya kujenga maabara ilipokaribia, Bwana Musyoka alitaka mchezo wa kuwachangamsha wageni. Kasyoka akauandika. Ulihusu wanaanga wanaorudi kutoka nyota ya mbali wakiwa wamekufa lakini wangali wanatembea, wasioweza hata kuketi mpaka mtu awape amri. Mwalimu mkuu aliusoma na kuusifu sana, bila kujiona ndani yake.

Asubuhi ya mazoezi ya mwisho walikutana katika ukumbi wa kanisa, jengo la mawe lenye paa la bati, mlango mmoja, na madirisha yaliyowekwa vyuma kwa hofu ya wezi wa viti. Walijipaka majivu usoni. Kwa macho na midomo, Kasyoka alikuwa ameleta kopo la wino wa mashine ya saiklostaili, ile ya kunakilia mitihani shuleni. Wino huo ni mzito kama lami na una mafuta. Haukauki upesi, na ukiugusa asubuhi utaukuta kwenye kola ya shati jioni. Wakajizungushia macho weusi wa kutisha, wakaanza kuburuta miguu na kuguna.

Mzee Ndolo, mzee wa kanisa na mtunza ufunguo, alikuja kuhesabu mabenchi. Alisimama mlangoni, akaona watu sita wenye nyuso za kaburini wakimjia mikono mbele, kwa kuwa Nzomo, mpenda mizaha, alikuwa amewaashiria wenzake waendelee. Mzee hakupiga kelele. Alirudi nyuma hatua moja, akafunga mlango, akazungusha ufunguo, kisha akaenda kuipiga kwa nyundo ringi ya gurudumu la lori iliyotumika kama kengele.

"Mzee Ndolo!" Kasyoka aliita dirishani. "Tufungulie. Ni mchezo wa kuigiza!"

"Nani anasema?"

"Ni mimi Kasyoka, wa Mzee Ndululu."

"Kasyoka ninayemjua ana uso," alijibu Mzee Ndolo. "Na maiti yeyote angesema ni mchezo."

Soko lote lilikuja. Nzomo, akitaka kuthibitisha uhai wao, alikariri zaburi nzima bila kukosea. Watu wakarudi nyuma zaidi, maana kila mmoja wao alikuwa amefundishwa kwamba shetani anayajua maandiko vizuri kuliko wanakwaya. Wariara alitaja kwa jina wateja wake na magonjwa waliyonunulia dawa, jambo lililowakasirisha hata waliokuwa wameanza kumwamini.

Ndani, bati lilianza kuwaka jua. Nzomo aliketi sakafuni. "Kwa mujibu wa vitabu vyote tulivyosoma," alisema, "wakati huu tungekuwa tumeanza kula watu."

"Anza na Mzee Ndolo," alisema Wariara.

"Mifupa mitupu ile. Utabaki na njaa."

Wakaangua kicheko. Kicheko cha maiti sita kilipotoka dirishani, mama mmoja alizimia, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kusema kwamba ni mchezo.

Mchungaji Kivuva aliwasili akiwa na wazee wawili. Hakuwa mwoga, na ni haki asemewe hivyo. Aliamuru mlango ufunguliwe kidogo, akaingia na wazee wake, mlango ukafungwa nyuma yao. Aliwatazama kwa karibu na bila shaka akaunusa wino. Kisha akaliona katoni la sabuni, akainama, akachukua kitabu kimoja na kukifungua.

"Kumbe," alisema taratibu. "Kumbe ndicho mnachosoma."

"Pasta, unaona ni wino," Kasyoka alisema.

"Naona wino, dada. Lakini watu kule nje wameona jambo jingine, na sitaki wachekwe bure. Huenda Mungu ametumia wino." Hapo ndipo hasira ya kweli ilipomwingia Kasyoka, kwani alielewa kwamba mtu huyu hakudanganyika hata kidogo. Alikuwa amepata nafasi, basi. Mchungaji akaenda dirishani na kutangaza masharti. Kila mmoja angesimama pale na kusema kwa sauti: *Nilikuwa nimekufa kwa kusoma vitabu vya giza, sasa niko hai.* Katoni lingetolewa nje na kuchomwa. Aliyesema angefunguliwa mlango. Kisha yeye na wazee wake wakawawekea mikono wote sita, vichwani na mashavuni, wakiomba kwa nguvu.

Joto lilikuwa kali na maombi yalikuwa marefu. Jasho lilipomtiririka, Mchungaji alijipangusa paji la uso, akafikicha macho, akajifuta mdomo. Wazee wake wakafanya vivyo hivyo. Aliposema amina na kurudi dirishani ili atolewe, umati ulipiga ukelele uliosikika hadi barabarani.

"Ndolo, fungua," alisema Mchungaji.

Mzee Ndolo aliukumbatia ufunguo kifuani. Machozi yalikuwa yakimlenga. "Pasta, nilikuheshimu sana ulipokuwa hai."

"Ndolo! Mimi ndiye niliyekufungisha ndoa na Muthoki!"

"Ndiyo. Na tutakuzika vizuri."

"Huu ni wino, mzee!"

"Walisema hivyo hivyo wale wa kwanza. Mauti haya yanaambukiza kwa kuguswa, sote tumeona. Sema ile sentensi."

"Lakini mimi sijasoma kitabu chochote!"

"Tumekuona umekishika. Sentensi ni ile ile, Pasta. Umeitunga mwenyewe."

Kwa muda ambao Kasyoka angeukumbuka kwa furaha chungu maisha yake yote, Mchungaji Kivuva aliketi benchini kati ya Nzomo na Wariara, maiti miongoni mwa maiti. Lakini furaha haikudumu. Bwana Musyoka, aliyeujua mchezo huo lakini asingethubutu kuliudhi kanisa lililoifadhili shule, alikuwa amefika, akasimama nje akiwa na tai yake, akamtazama Nzomo kwa jicho ambalo walimu wote wanalijua. Nzomo alikuwa na mke na watoto wanne. Aliinuka.

"Mwalimu, usifanye hivyo," Kasyoka alimwambia.

"Ni maneno tu, Kasyoka."

"Kama ni maneno tu, mbona wanayataka?"

Nzomo akaenda dirishani. Alisema sentensi ile haraka haraka, kama mtu amezaye kwinini, akatoka. Walimu vijana wakamfuata. Wariara alilia kwanza, akamgeukia Kasyoka. "Wewe una wazazi hapa," alimwambia. "Mimi nina duka tu, na wateja wangu wote wako nje pale. Nisipowauzia hao, nirudi wapi?" Akasema, akatoka. Wazee wawili wakasema. Mwishowe Mchungaji naye akasimama dirishani na kutangaza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa amekufa kwa kusoma. Nje walipewa mafuta ya taa na matambara, yakisukumwa kwao kwa fimbo ndefu, wakajisugua mpaka wekundu wa ngozi ukatokea.

Akabaki Kasyoka na katoni lake.

"Dada Kasyoka," aliita Bwana Musyoka kupitia vyuma, kwa sauti ile ile ya nyuma ya kiti. "Sema, utoke. Usiposema, Jumatatu usije shuleni."

Mama yake aliletwa pia. "Mwanangu, sema tu. Mungu anajua moyo wako. Njoo ule."

"Mwaitu, mimi sijafa."

"Najua hujafa. Nimekuzaa. Sema ulikufa, twende nyumbani."

Kasyoka alitamani kutii. Kiu ilimshika, macho yalimwasha, na kila aliyempenda alikuwa upande wa pili wa ukuta akimwomba jambo dogo. Alifungua kinywa. Lakini kila alipotaka kuianza sentensi ile, vidole vyake vilitikisika mapajani, vikiipiga chapa vyenyewe, na mkato baada ya neno *giza*, pale pale ambapo Bwana Musyoka angeuamuru. Mkononi alikuwa amekubali kuandika maneno ya kila mtu kwa mshahara. Mdomoni hakuwa ameajiriwa na yeyote. Akafunga kinywa, akaliburuta katoni hadi ukutani, akalikalia.

Jua likasogea. Umati ulichoka, lakini haukuondoka wote. Mchungaji alisema kwamba Kasyoka asipotoka kwa toba, atakesha humo, na kesho, na keshokutwa. Hakuna aliyempinga. Kasyoka aliusikia ufunguo ukigonga vifungo vya koti la Mzee Ndolo alipokuwa akizunguka jengo, na akaanza kuamini kwamba wangeweza kweli kumwacha humo, watu wa heshima, wenye huruma, wanaomwombea.

Saa kumi jioni wanawake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana cha kijiji, walikuja na majembe yao begani wakitoka kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko shambani kwa mjane mmoja. Walikuwa na mkutano ukumbini, kama kila Jumamosi. Mwenyekiti wao, Mbula, mwanamke mpana aliyesema polepole, alimkuta Mzee Ndolo mlangoni.

"Hamwezi kuingia, Mama Mbula. Kuna maiti ndani."

"Wangapi?"

"Amebaki mmoja."

"Basi nafasi ipo. Lete ufunguo."

"Mama, huu ni ugonjwa! Ukimgusa, unakufa!"

Mbula alimtazama. "Ndolo, tangu alfajiri nimechota maji, nimekamua mbuzi, nimekupikia wewe na wazee wenzako chai ya kikao, nimechimba matuta. Kama bado niko hai, sikujua." Akauchukua ufunguo mkononi mwake kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu.

Wanawake waliingia, wakaegemeza majembe ukutani. Kasyoka alisimama na kuwaonya wakae mbali, wino ungewachafua. Mbula akamfikia, akaushika mkono wake wenye wino kwa mikono miwili, akamsalimu kwa muda mrefu. Kisha, mbele ya dirisha ambapo nyuso za wanaume zilikuwa zimebanana, akaipitisha mikono ile usoni pake mwenyewe kama mtu anawaye. Akageuka na kumsalimu mwenzake Kavata, Kavata akamsalimu aliyefuata, na yeye akaipeleka mbele salamu hiyo. Muthoki, mke wa Mzee Ndolo, aliupokea wino karibu wa mwisho na kujipaka bila haraka, akimtazama mumewe.

"Muthoki!" aliita Mzee Ndolo. "Sema ile sentensi!"

"Nitaisema," alijibu mkewe, "ukiisha kuniambia nani atakupikia leo."

Nje wanaume walitazamana. Wake zao wote walikuwa ndani, na mama zao, na hakuna hata mmoja aliyekuja dirishani. Mchungaji Kivuva alianza kusema jambo, akatazamwa na umati ambao saa chache tu zilizopita ulikuwa umemsikia akikiri kwamba amekufa, akaliacha.

Kazi Kasyoka aliipoteza, kama alivyoahidiwa. Barua ya kumfukuza ilikuwa na makosa matano ya chapa. Nzomo na Wariara hawakuja tena Jumamosi, kwa aibu, na hakuwalaumu kama alivyowalaumu wale waliowaaibisha. Lakini hayo yalikuwa ya baadaye. Jioni ile mkutano ulifunguliwa, shamba la wiki ijayo likapangwa, na Mbula akauliza kama kuna mengineyo.

"Mimi nina swali kwa Kasyoka," alisema Muthoki. "Hao waliokufa wa kwenye vitabu vyako. Wanasafiri miaka na miaka angani, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Nani huwapikia?"

Kasyoka alifikiri. Alivipitia akilini vitabu vyote vya katoni, na vyombo vyote, na sayari zote zenye majua mawili. Hakuna mwandishi hata mmoja aliyekuwa amesema.

"Sogea hapa benchini," Mbula alimwambia. "Tusimulie tangu mwanzo, kwa Kikamba, tuone kama tutampata."