Upande Asioona

Mume wangu aliitwa Kinyume, na jina hilo alipewa na watu waliokuwa wakimpiga.

Siku za kazi alikuwa bucha, akipasua mifupa kwa shoka juu ya gogo ambalo yeye na mdogo wake walirithi kwa baba yao. Jumapili mchana alioga, akavaa shati jeupe, akaenda kasino kucheza dadu. Huko watu huizunguka meza wakamshangilia anayerusha, kwa kuwa akishinda yeye, wanakula wote. Mume wangu aliweka vibao vyake, vile vya plastiki vinavyosimama badala ya fedha, upande wa pili. Aliweka kwamba mrushaji atashindwa.

"Mrushaji akishapata namba yake, tuseme nne, lazima airudie kabla saba haijatoka," alinieleza huku akijifuta masikio kwa taulo. "Sasa kwa jumla ya dadu mbili, saba ina njia sita za kutokea. Nne ina tatu tu. Mimi niwe upande gani, mke wangu?"

"Upande wa kubaki na meno yako."

Mawili yalikuwa yameshang'oka. Wenzako wakilia wewe ukizoa vibao, hata usipocheka, wao wanakuona unacheka. Kuna Jumapili walimvizia kwenye maegesho ya magari, wakampiga mateke mpaka akakojoa damu. Jumapili iliyofuata alirudi. Mbishi yule, afadhali hata lile gogo.

Meza ile ina mwiko wake. Neno "saba" halitamkwi dadu zikiwa mkononi mwa mtu, wala mrushaji haambiwi habari ya kushindwa. Ukimwambia, umemroga. Mume wangu hakuamini kitu ila hesabu, lakini mwiko huo aliushika kwa ajili ya mbavu zake.

Mdogo wake, shemeji yangu, tulimwita Shangwe. Huyo alikuwa wa kurusha na kupiga kelele. Hasira zake zilikuwa karibu kama mate: aliwahi kumtupia mteja kichwa cha mbuzi kwa kubishia mizani. Kuna wiki alikwenda kuweka rehani nusu yake ya bucha kwa mnunuzi wa ngozi, akamwachia na ufunguo. Asipoukomboa kufikia Jumatatu, yule bwana anaingia, na bucha ya baba yao inageuka ghala la ngozi mbichi. Fedha zote alizopewa, Shangwe akaamua kuzimaliza kwa dau moja.

"Si umpe akiba yetu akakomboe?" nilimuuliza mume wangu njiani. Siku hiyo niligoma kubaki nyumbani.

"Nikimpa mkononi atazirusha na hizo. Nitaweka kiasi kilekile, kinyume chake. Akishinda, anakomboa mwenyewe, mimi nimekula hasara. Akishindwa, nakomboa mimi. Bucha inabaki."

"Basi mwambie, ajue."

"Nimwambie mtu anayekwenda kurusha kwamba nimejiandaa akishindwa? Unataka aniue?"

Tulipofika kasino, hata mimi sikumwambia Shangwe. Nilikaa kwenye vimeza vya nyuma, vile vyenye namba za kuitia vinywaji. Shangwe alimwona kaka yake akiweka kule upande wake wa siku zote. Akamkazia macho, mshipa wa shingo ukamsimama, akarusha. Ikatoka nne. Meza nzima ikalipuka kwa vifijo.

Akazichukua tena dadu, akazitikisa, akazipuliza. Hapo ndipo mhudumu mmoja, mgeni wa kazi, alipomwinamia mume wangu.

"Mzee, soda ya mama niipeleke meza ngapi?"

"Saba," akasema mume wangu.

Dadu zilikuwa zimeshatoka mkononi. Zikagonga ukuta wa meza, zikatulia: tatu na nne.

Shangwe hakupiga hata kelele. Alimpokonya mwendesha meza ile fimbo iliyopinda ya kuvutia dadu, akampiga nayo kaka yake usoni. Ncha ikaingia jichoni. Mume wangu akaanguka na mkono mmoja ukiwa bado umeelekea kwenye vibao, na akiwa chini Shangwe alimkanyaga taya kwa kisigino mpaka likalia.

"Umeniroga! Ndugu yangu wa tumbo moja, umeniroga!"

Mume wangu alitaka kusema "ni vyako". Alirudiarudia, damu ikifanya povu, na hakuna aliyemwelewa ila mimi. Nilimrukia shemeji mgongoni, nikamng'ata sikio, na sikuliachia mpaka walinzi waliponishika nywele. Kipande chake nilikitema kwenye zulia. Kisha nikazoa vibao vyetu vyote, mikono ikiteleza kwa damu.

Jumatatu niliukomboa ufunguo. Nilitaka kuutumbukiza chooni, nikamwambia hivyo mume wangu kitandani hospitalini. Taya lake lilikuwa limefungwa waya. Akakunjua kiganja, akakiacha hewani mpaka nikampa. Kesi aliikataa. Shangwe alipoletwa kumwona, mume wangu mwenyewe alimwekea ufunguo mkononi, akamkunja vidole juu yake. Shangwe alilia mpaka wauguzi wakamtoa nje. Mimi sikumwonea huruma, na sijamwonea mpaka leo.

Sasa wako bucha wote wawili. Shangwe anashika shoka, na mume wangu amemweka kushoto, upande lilikokuwa jicho.

"Kwa nini umweke upande usioona?" nilimuuliza.

"Upande ninaoona najilinda mwenyewe."

Kasino haendi tena. Mimi nakaa kwenye mizani, macho kwenye mkono wa shemeji. Akibishana na mteja, mshipa ukimsimama shingoni, nashika kisu cha kuchunia chini ya kaunta. Kila asubuhi naweka kinyume chake, na kila jioni tukifunga mlango namshukuru Mungu kwamba nimepoteza.