Kibuyu cha Mutobe cha Kirolirwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na boksi la sindano, nikakabidhiwa sufuria. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya ushonaji, nikapangwa shule ya msingi pale Sake kuwafundisha wasichana kushona na kutunza nyumba. Kazi hiyo iliitwa umonitrisi. Mkurugenzi wa shule, ambaye sote tulimwita Direktere, alinipokea mlangoni, akalitazama boksi langu, akacheka.

"Mama Monitrisi, hizo sindano weka kwanza. Kesho bazazi banakuya ku kermesi, na bazazi habakule uzi."

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo haikuandikwa popote kwenye barua yangu ya ajira: jiko la sherehe za kamati ya wazazi. Nimeifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Ninyi vijana mnaniuliza mara kwa mara, miaka ile ya sitini, nchi ikiwa imepata uhuru jana tu, mabati na mabenchi ya shule yalitoka wapi. Serikali ilikuwa changa, tena mbali. Yalitoka kwa wazazi, na mzazi mwenye njaa hatoi kitu. Kwanza alishwe.

Kermesi ilikuwa siku ya kuufungua uwanja wa shule kwa kila mtu. Asubuhi watoto wanaimba, mchana watu wanakula, na baada ya kula unakuja mnada. Usidhani ni mnada wa sokoni. Sisi tulikuwa na mnada wa kurudisha: mtu ananunua jogoo, analipa, halafu badala ya kwenda naye nyumbani anamwinua juu na kupiga kelele, "Ninarudisha!" Hapo anamtaja mtu wa kilima kingine amnunue tena. Aliyetajwa hawezi kunyamaza, maana akinyamaza atachekwa yeye, mke wake na kilima chake chote mpaka mavuno. Pale Sake nilimwona jogoo aliyenunuliwa na karibu nusu ya soko, na jioni bado alilala kwetu shuleni, amechoka kuliko wanunuzi.

"Mnada ni utani," Direktere wa Sake aliniambia siku ile. "Na utani unatoka mu chungu. Bantu habawezi kutaniana kama habajakula fasi moja."

Kutoka Sake nilihamishiwa Hombo, upande wa Walikale, kwenye barabara ya Kisangani. Huko nilijifunza kupikia wageni. Madereva wa malori walisimama kula samaki kwa mawese, na kabla hawajanawa mikono tulikuwa tumekwisha kuwauzia karatasi za tombola, ile bahati nasibu ya shule. Mkuu wangu wa Hombo alikuwa mtu mkali asiyependa kelele, lakini siku ya tombola alicheza ngoma kuwashinda watoto. Nilipapenda Hombo. Ningeweza kubaki kule.

Nikapangwa Kirolirwe, baada ya vurugu.

Vurugu zenyewe sitazisimulia. Wa umri wangu wanazijua, na jeraha halifunguliwi kwa ajili ya kupiga soga. Itoshe kusema kwamba shule ile ilijengwa kati ya vilima viwili, watu wa vilima vyote viwili wakulima wa maharagwe na mihogo, Wakristo wote, wamekaa pale tangu mababu. Kila kilima kilizika watu wake na kukilaumu kingine. Paa la nyasi la shule liliungua. Nilipofika nilikuta kuta nyeusi na watoto wakisomea chini ya mbingu.

Mkaguzi wa shule, Inspektere, alikuja na kutuambia mbele ya kamati nzima, "Mvua ikianza na hakuna bati, mimi ninabeba balimu, ninabapeleka fasi ingine. Shule itafungwa. Nitarudia kuona kermesi yenu. Kama bazazi habatoi, basi habataki shule."

Alisema kweli yake. Na sisi tulijua kwamba shule ikifungwa, vilima vile havitakuwa tena na mahali hata pamoja pa kukutania.

Sasa niwajulishe watu wawili. Wa kwanza ni Papa Zakaria wa kilima cha juu, rais wa kamati ya wazazi na mzee wa kanisa la Waprotestanti. Tangu abatizwe hakuwahi kugusa pombe, na kanisa lao halikuwa na mchezo katika jambo hilo. Wa pili ni Mama Veronika wa kilima cha chini, Mkatoliki, fundi wa kasiksi, yaani pombe yetu ya ndizi. Alikuwa ametengeneza kinywaji cha kermesi zote. Kila mara alimwekea Papa Zakaria kibuyu chake pembeni cha mutobe, ile juisi ya ndizi kabla haijachacha, ili mzee wa kanisa naye anywe na wenzake. Mwaka ule Mama Veronika alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza.

Kwetu, anayeleta kibuyu huonja wa kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ndipo anakitoa. Ni adabu ya kawaida, kama kubisha hodi. Lakini mwaka ule neno sumu lilikuwa kwenye kila mdomo, na adabu ile ikawa mzigo. Mtu wa kilima hiki hakupokea hata maji kutoka kilima kile.

Direktere wa Kirolirwe alikuwa kijana mpole. Akaamua kuwe na majiko mawili.

"Mama, kila kilima na jiko yake, na vibuyu yake. Hivi hakuna muntu ataogopa."

"Direktere," nikamwambia, "utapata kermesi mbili, na hakuna hata moja."

"Unataka muntu akufie hapa ku masomo?"

Aliogopa, na alikuwa na sababu ya kuogopa. Nikawasha mioto miwili.

Siku ilipofika, gari la Inspektere likakwama kwenye matope ya njiani, na Direktere akaahirisha sherehe ili mkubwa aje ajionee. Tukahifadhi nyama kwa moshi, tukafunika maharagwe. Hakuna aliyekumbuka mutobe, na mutobe haujui Inspektere ni nani. Kadiri ulivyomngoja, ndivyo ulivyozidi kuchacha ndani ya kibuyu.

Alipofika hatimaye, watu walikaa pande mbili za uwanja, kila upande na moshi wake. Walikula kimya. Mnada ulipoanza, mwanamume wa kilima cha juu alinunua jogoo, akalipa, akamtia kwapani, akakaa. Hakuna aliyesema ninarudisha. Hakuna aliyemtania hata kwa jicho. Inspektere akafunga koti lake kama mtu anayejiandaa kwa safari. Nikaona shule inakufa mbele yangu huku nimeshika mwiko.

Ndipo Mama Veronika akasimama. Pamoja na amri ya majiko mawili, alikuwa amemwekea Papa Zakaria kibuyu chake kama siku zote. Akakibeba, akavuka uwanja peke yake mbele ya watu wote, akafika alipokaa mzee. Mimi nilikuwa karibu, kwenye jiko la kilima cha juu.

"Papa Zakaria, hii iko yako. Mimi njo ninaonja wa kwanza."

Akaonja, na uso wake ukabadilika.

Kila mtu aliuona uso ule. Mwanamke mmoja nyuma yangu akapiga yowe, "Sumu!" Vijana wa Papa Zakaria wakasimama. Upande wa chini nao wakasimama. Mama Veronika akainama, akasema kwa sauti ambayo mimi na mzee tu tuliisikia:

"Papa, unisamehe. Imechacha. Imekuwa kasiksi. Usikunywe."

Mzee angeweza kusema kwa sauti kwamba ni pombe na kwamba dini yake inakataza. Lakini baada ya yowe lile, nani angemsadiki? Wa juu wangesema mzee ameikimbia sumu, wa chini wangesema ametutukana. Kibuyu kile kikirudi kimejaa, hatungekuwa na shule, na huenda jua lisingezama bila damu. Papa Zakaria alikitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Mama, kijana yako alikuwa darasa gani?"

"Ya tano, Papa."

"Na wangu iko mu ya tano. Balikuwa banakala benchi moja."

Akakipokea kwa mikono miwili, akanywa. Hakuonja tu, alikunywa mpaka akakipindua kila mtu aone. Nilijua anachokipoteza, na yeye alijua zaidi yangu. Kisha akamchomoa yule jogoo kwapani mwa jirani yake, akamwinua juu.

"Hii jogoo, ninarudisha! Kilima ya chini, muko wapi? Ao muliacha banaume ku nyumba?"

Mzee mmoja wa kilima cha chini akajibu, "Tuko hapa! Lete hiyo kuku yako ya kukonda!" Watu wakacheka, na wengi walicheka huku wakilia, mimi mmojawapo. Nikazima moto mmoja kwa maji ya kuoshea vyombo, nikabeba sufuria zake hadi kwenye moto wa pili. Jogoo alizunguka mpaka jioni. Mabati yalipatikana, na mvua ilipoanza, walimu walikuwa bado kwetu.

Harufu ya kasiksi haina siri. Jumapili ile ile Papa Zakaria aliitwa mbele ya kanisa lake. Mchungaji alimuuliza kama anatubu.

"Pombe, ninatubu," akajibu. "Kibuyu, hapana."

"Basi ukae inje."

Akaondolewa uzee wa kanisa na meza ya Bwana, akawekwa kwenye benchi la nje, karibu na mlango, wanapokaa waliotengwa. Alikwenda kila Jumapili, na koti lilelile alilolivaa alipokuwa mzee wa kanisa. Na kila Jumapili, misa ya asubuhi ya Wakatoliki ikiisha, Mama Veronika alipanda kilima, akaketi kwenye benchi lile pamoja naye mpaka wimbo wa mwisho.

Nimefanya kazi shule nyingine baada ya hapo, na nilipostaafu nilipewa kitenge na hotuba ndefu. Wakubwa walinisifu kwa ushonaji. Nilicheka moyoni, kwa sababu wasichana wangu wengi hawakuweza hata kushona kifungo, lakini walijua kupikia watu wasiopendana. Siku hizi wazazi hulipa na kwenda zao, wala hawajui jina la aliyesimama nyuma yao kwenye foleni. Siwalaumu, dunia imebadilika. Ila nikipita karibu na shule ambapo watu wananyamaziana, bado natafuta kwa macho mahali pa kuweka chungu.

Na Papa Zakaria hakufia nje. Alikuja mchungaji mpya, kijana wa palepale vilimani. Jumapili ya meza ya Bwana aliwahudumia waliokuwa ndani, kisha akatoka na kikombe mpaka kwenye benchi, mbele ya kanisa zima lililogeuza shingo. Papa Zakaria hakunyoosha mkono. Mama Veronika alikuwa kando yake. Yule kijana akasimama kidogo, akafikiri, kisha akakiinua kikombe akaonja yeye kwanza, mbele ya macho yao, ndipo akakitoa.

Papa Zakaria akapokea kwa mikono miwili.