Mwaka Pakanga ya Mayu Ilipogoma Kukauka

Mama yangu, ambaye sisi wanawe tunamwita mayu kwa Kisukuma, ni mganga wa mitishamba nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Nyuma ya nyumba ana matuta ya pakanga, ule mmea mchungu wa dawa, na wateja wake hutoka mpaka machimboni Nyarugusu.

Mwaka ambao lambo la kijiji lilikauka mapema, miche ilianza kunyauka. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza chuo cha kilimo, nikaja na kichupa cha unga mweupe: asidi ya salisiliki. Nilimweleza kwamba mimea yenyewe huitengeneza inapopata shida, na kwamba ukiipulizia kidogo mapema, hujiandaa kuukabili ukame.

"Kwa hiyo unataka kuitibu dawa yangu?" aliniuliza, akacheka mpaka akakaa chini.

Hata hivyo alinipa tuta moja. Kwa pupa ya kumwonyesha, niliikoleza kuliko nilivyofundishwa, nikidhani jua kali linataka dawa kali. Siku tatu baadaye kingo za majani zilikuwa zimeungua. Niliona aibu hata kukaa naye kula.

Nilitegemea anifukuze shambani. Badala yake alichuma jani, akaligeuzageuza, akaniuliza nilitia unga kiasi gani kwenye maji kiasi gani. Nikamwambia.

"Mtoto mchanga simpi kipimo cha mtu mzima," alisema. "Na hii bado ni miche. Punguza."

Nikapunguza sana. Tukachukua matuta mawili mengine: moja nikalipulizia jioni, jua likiwa limepoa, na lingine tukaliacha hivyo hivyo. Kila mche ulipata kopo moja la maji kila baada ya siku tatu, bila upendeleo.

Kiangazi kilipokolea, tuta lisilopuliziwa likawa la kahawia. Lile jingine lilisinyaa mchana na kuinuka jioni, siku baada ya siku. Miche michache ilikufa, lakini mingi ilisimama, na mimi nilikuwa naenda kuitazama hata mara tano kwa siku.

Mayu hakuridhika. "Kusimama si hoja. Bado ni dawa?"

Alitafuna jani, macho kayafumba. Mimi nimesimama pale na cheti changu cha chuo, nangoja hukumu.

"Uchungu upo," alisema hatimaye, akatema. "Tena wa kutosha."

Wiki hiyo walikuja wanawake wawili kutoka Nyarugusu, wakashangaa kuona pakanga ya kijani wakati kote ni vumbi. Mayu aliniita uani. Niliwaamkia shikamoo, wakaitikia, naye akanishika bega.

"Mtaalamu wangu ni huyu hapa. Nimemzaa mwenyewe."

Nakumbuka mkono wake haukutoka begani mwangu mpaka wageni walipoondoka.

Siku hizi ana matuta manane, na majirani huja kujifunza. Bomba la kupulizia analishika yeye. Nikilisogelea, ananiambia nisubiri zamu yangu.