Baba anataka nimpandishe Lulu kwenye tela Jumamosi

Admin, habari za kazi. Naomba unifichie jina na akaunti yangu, maana baba huwa anapita humu kusoma, na majirani ndiyo kabisa.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tano, niko likizo nyumbani hapa Tabora. Siyo muongeaji. Shuleni nikijibu swali kwa Kiingereza nanong'ona, nikirudi kwenye Kiswahili nanong'ona vilevile. Ninayeongea naye vizuri ni Lulu, na Lulu ni farasi.

Najua mtashangaa, farasi Tabora. Baba alikuwa mtunza farasi kwa mwenye shamba mmoja nje ya mji, na huyo bwana alipohama alimwachia jike mmoja mweupe. Tangu hapo Lulu ndiye anayetulisha. Wahindi wenye maduka wakiozesha, bwana harusi hupenda kufika akiwa juu ya farasi, basi baba anamvalisha shanga na kitambaa chekundu, mimi namshika kamba. Haendi na mtu mwingine. Baba akimvuta anagoma palepale, mimi nikipita mbele bila hata kumgusa ananifuata.

Shida ni safari. Harusi za Nzega na Sikonge huwezi kumtembeza, mapori yana mbung'o, na farasi akishapata ugonjwa wanaoambukiza ni nadra kupona. Babu alikuwa anasema ndiyo sababu misafara ya zamani mizigo ilipita huku vichwani mwa watu. Kwa hiyo baba akachomelewa tela lenye paa na wavu, akaanza kutafuta gari la mtumba la kulivuta, la magurudumu yote manne.

Yakabaki mawili. Moja pikapu kuukuu, rangi imebabuka, mlango unafungwa kwa kamba, ila chasisi yake nzito na injini inanguruma kama mashine ya kusaga. La pili jeupe, refu, viti vya ngozi, linang'aa mpaka unajiona. Nalo linavuta kwa magurudumu manne, lakini ni la watu wa kwenda ofisini. Baba akalipenda hilo. Alisema farasi mweupe, gari jeupe, picha za harusi zitatokaje hizo!

Kulikagua alimwita Mzee Ndahani, jirani yetu aliyeendesha malori ya tela maisha yake yote. Mzee Ndahani ni Mgogo, sisi Wanyamwezi, yaani watani tangu babu zetu walipokuwa wanapita kwao na mizigo. Yeye na baba hawajawahi kusalimiana bila kutukanana. Akachungulia chini ya gari, akainuka akijipangusa magoti, akasema mbele ya watu, "Mnyamwezi, hili ni gari la kumpeleka bibi harusi saluni. Ukilifungia tela la farasi, nunua na jeneza kabisa."

Watu wakacheka. Baba akacheka kuliko wote, akamwambia, "Wewe mla mlenda, farasi umemjulia wapi?"

Wakati wa kuondoka Mzee Ndahani alinisimamisha pembeni, hacheki. Akanieleza kwamba gari lile ni jepesi, tela lenye farasi ndani litalisukuma kwenye mteremko, baba achukue pikapu. "Mwanangu, mwambie pale sikutania."

Nilikusanya ujasiri kutwa nzima, jioni nikamwambia baba. Akanitazama kwa huruma. Akasema mtani akishamaliza kumcheka baba anahamia kwa mtoto, nisiwe mshamba. Gari jeupe likaja nyumbani.

Safari ya kwanza ilikuwa harusi ya Sikonge. Tukachepuka njia ya vumbi kuelekea shambani kwa wenye harusi, mvua ilikuwa imenyesha, tukashuka kwenye korongo. Tela likatusukuma, baba akakanyaga breki, gari likaenda upandeupande likazama mchangani. Akalazimisha kulitoa mpaka likanuka kuungua, likazima. Wavu wa tela ulikuwa umechanika. Mbung'o wakaja. Niliingia mle ndani nikampepea Lulu kwa kitenge changu, nafukuza shingoni wanatua tumboni. Trekta la kutuvuta lilifika jua likiwa limeinama.

Baadaye Lulu akaanza homa. Sasa mbavu zinahesabika, tumbo limevimba kwa chini, miguu ya nyuma inayumba. Daktari wa mifugo amemchoma sindano, akasema tumechelewa, asisafirishwe popote, tusubiri tu.

Juzi Mzee Ndahani alikuja kumwona. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini. Akamtazama Lulu, kisha akamwambia baba, "Pole sana, ndugu yangu." Baba akatabasamu, akangoja utani ufuate.

"Nitanie basi, Mgogo," baba akasema.

Mzee akatikisa kichwa, akavaa kofia yake akaondoka. Baba akaenda kukaa ndani ya gari, akapandisha vioo.

Nilidhani ameelewa. Kumbe Jumamosi kuna harusi Nzega aliyowaahidi watu kabla Lulu hajaugua. Gari limeshatengenezwa. Anasema Lulu akisikia ngoma atachangamka, ndivyo alivyozoea, kazi yangu ni kumpandisha tu. Nikamkumbusha maneno ya daktari. Akaniuliza, "Na wewe umeanza kunipa pole?" Nikaenda bandani kwa Lulu.

Leo asubuhi nimepita mbele ya banda kwenda bombani. Sikumwita. Nikasikia kwato nyuma yangu. Amenifuata akiyumba mpaka kwenye ndoo, akasimama, wala maji hakunywa. Hivyohivyo ndivyo atakavyonifuata Jumamosi mpaka ndani ya tela, na sidhani kama atashuka.

Najua hata nikikataa Lulu haponi. Nataka tu afie nyumbani. Lakini sijawahi kumwambia baba hapana, na sasa hivi hata mtani wake amemuacha. Ninyi mliowahi kumkatalia mzazi, mlianza na neno gani? Nishaurini jamani, nitamwambiaje?