Sweta Lililochanua Mchangani

Kama kuna mtu aliyewahi kuyachukia magugu kwa moyo wake wote, ni Alwyn Pascoe wa Ghuba ya Harrick, kule pwani ya kusini ya Australia. Aliuza nyama miaka mingi kwenye bucha la barabara kuu, na alipostaafu mikono ikabaki inamwasha, inatafuta kitu cha kukata. Mkewe Glenys ndiye aliyemleta kwetu, kikundi cha kujitolea cha Alhamisi, tunaong'oa magugu kwenye hifadhi ya ufukweni ili mimea ya asili ipate kurudi. Alimshusha kwenye gari kama mtu anayerudisha kiti alichoazima, akaondoka kwa kasi.

Kwetu kila mtu ana kipande chake cha matuta ya mchanga, na adui yetu mkubwa ni gazania. Ni ua la rangi ya machungwa, zuri hata kulikasirikia ni kazi. Lilisafiri kutoka kusini mwa Afrika likapandwa kwenye bustani za watu, kisha likaruka uzio na kushuka pwani. Mgeni wa namna hiyo ukimkaribisha sebuleni, ukigeuka unamkuta jikoni anaonja mchuzi.

Sasa, kipande kikikaguliwa wakati wa machipuo na kukutwa hakina gazania hata moja, askari wa hifadhi hukitangaza kimepona. Hapo tunasimika nguzo ya mbao, na jina la mwenye kipande linachomwa juu yake kwa chuma cha moto. Hakuna malipo mengine. Lakini jamani, ile nguzo! Lorna Zadow, aliyekuwa mkuu wa posta yetu, alikuwa nayo, na akaisimika mpakani kabisa, jina likitazama kwa Alwyn. Kila Alhamisi aliifuta kwa leso kabla ya kuanza kazi, polepole, hasa Alwyn akiwa anamtazama.

Alwyn aliitaka nguzo yake kuliko alivyowahi kutaka kitu kingine baada ya kumtaka Glenys. Alishainunua mbao, akaipiga msasa, akaipaka mafuta, na siku zote ilikaa kwenye gari lake imefunikwa blanketi kama mgonjwa.

Na kwa kung'oa alikuwa hodari, hilo simnyimi. Ila alikuwa na mambo mawili. La kwanza tulilijua sote. Sheria yetu ni kwamba unakata kwanza vichwa vya maua, unavitia kwenye mfuko, unaufunga, kwa sababu mbegu za gazania zina manyoya na hunata popote. Alwyn hakutaka mfuko. Alisema mfuko ni wa kwenda sokoni. Yeye alikusanya magugu yake akayakumbatia kifuani, akapanda nayo tuta hadi kwenye gari la taka, mwendo wa bwana harusi aliyembeba mke.

Kifuani hapo palikuwa na sweta. Glenys alilifuma mwenyewe, sufu nene ya rangi ya matope, na mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa sababu dada yake alipiga simu kulia habari za ndoa yake, na Glenys akasahau kuacha kufuma mpaka ndoa ilipotulia. Kila mtu Ghuba ya Harrick aliujua ule mkono. Ulikuwa unaingia kwenye chai za watu.

Jambo la pili hatukulijua. Katikati ya kipande cha Alwyn pana vichaka vinavyozunguka shimo dogo la mchanga, limekingwa upepo, laini kama godoro. Alwyn alikuwa akiingia humo kulala. Kila Alhamisi, kiangazi chote hata kikaisha, alitoka kubeba magugu yake, akaaga kwamba anakwenda kukagua upande wa pili, akajitupa humo kifudifudi na kukoroma. Ili asisumbuliwe alitutangazia kwamba mle ndani anaishi nyoka. Tukamshukuru kwa kutujali. Na jioni, Glenys alipomwomba atoe pipa la taka, Alwyn alishika kiuno akasema kazi ya ufukweni imemmaliza mgongo. Glenys akatoa pipa mwenyewe, akaanika na nguo, tena akamkanda na huo mgongo.

Mvua za baridi zilipoanza shimo likalowa, Alwyn akahamishia usingizi ndani ya gari lake, akidai anasikiliza utabiri wa hali ya hewa. Tangu hapo hakukanyaga tena mle vichakani.

Oktoba ikafika, ndiyo machipuo kwetu, na siku ya ukaguzi. Shandelle, askari wa hifadhi, binti mwenye kofia kubwa na upole mwingi, alikuja asubuhi ya mawingu mazito. Glenys naye alikuja na keki za nazi, kwa kuwa mumewe anapewa heshima. Kile chuma tulishakiweka karibu na jiko la gesi. Alwyn alikuwa amenyoa.

Wanaolijua gazania wanajua tabia yake: jua lisipotoka, halifungui. Linajikunja likabaki majani tu, na majani yake kwa mbali hayana tofauti na nyasi zetu za mchangani. Shandelle alikipita kile kipande chote ameinama, akigusa hapa, akifunua pale, Alwyn nyuma yake akihema kama mtuhumiwa. Hakukuta kitu. Alipofika kwenye vile vichaka, Alwyn akamzuia kwa mikono miwili, ule mmoja mrefu ukipepea. Akamweleza juu ya nyoka. Akaongeza kwamba ni mrefu kama bomba la kumwagilia maji, na nadhani alitaja na watoto wake. Shandelle anawaheshimu nyoka. Alichungulia kwa juu, akaona majani, akatosheka.

Kama tungesimika nguzo saa ile ile, Alwyn angekuwa salama. Lakini ilikuwa saa nne, na saa nne ni chai. Kikundi chetu hakifanyi jambo lolote kabla ya chai ya saa nne, na aliyeipigania zaidi desturi hiyo ni Alwyn. Tukapanda juu ya tuta, kwenye meza yetu inayotazama chini vipande vyote. Tukamimina. Keki zikapita.

Mawingu yakapasuka.

Jua lilikuja polepole kutoka upande wa bahari, likapanda mchangani, likaingia kwenye vile vichaka vya Alwyn. Na mle ndani kikaanza kitu cha rangi ya machungwa. Ua moja, mengine matatu, kisha yote kwa pamoja, kama mtu kawasha taa za ukumbini. Hayakuota ovyo. Yalikuwa na kifua kipana. Yalikuwa na mabega mawili. Hayakuwa na kichwa wala miguu, ila yalikuwa na mikono miwili, mmoja umekunjwa kama wa mtu anayeulalia, wa pili umenyooka mbali kama unaomba kupitishiwa keki.

Lorna aliweka kikombe chini kwa uangalifu wa mtu anayetaka mikono yote miwili iwe huru.

"Mbona kama sweta," akasema.

Alwyn akasema ni upepo. Huu upepo wa magharibi, akasema, unaleta mbegu kutoka mbali sana.

"Upepo wenye mikono?" Lorna akamuuliza.

Glenys alikuwa amesimama. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, kama anavyofanya akipima kazi yake.

"Wa kushoto umezidi," akasema taratibu. "Alwyn, mpenzi wangu, hilo ni sweta langu."

Alwyn akautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa ndani ya chai.

"Na huo mgongo," Glenys akaendelea, bila kupandisha sauti hata kidogo, "huo mgongo usioweza pipa la taka, ndipo ulipokuwa unauumizia? Hapo?"

Shandelle alikuwa ameingiza uso wake kwenye kofia, kofia inatikisika. Alipotoka humo, macho yakiwa na machozi, alisema kwa upole kwamba hawezi kukitangaza kipande kimepona wakati katikati yake pamechanua mtu. Maua yote yang'olewe leo, mizizi na vichwa, kisha tusubiri machipuo mengine.

Mwaka mzima. Alwyn aligeuka akalitazama gari lake, pale nguzo ilipolala chini ya blanketi, na kwa mara ya kwanza tukamwonea huruma. Hakubisha. Aliomba aruhusiwe kung'oa kwa mikono yake mwenyewe. Lorna akampa mfuko, na Alwyn, mbele ya macho yetu sote, akaupokea.

Akashuka. Akapenya vichakani. Tulihesabu pumzi chache tu, tukamwona anatoka kwa njia ambayo haikuwepo, kofia imebaki nyuma, anasema kuna nyoka.

"Mwambie akusogezee mto," Lorna akamwitikia, akaongeza sukari.

Alwyn akaapa kwa jina la mama yake. Lorna akachoka naye. Akashuka yeye, akamsukuma pembeni, akaingia mle ndani akiwa bado anamhubiria juu ya watu wazima wanaodanganya. Mahubiri yakakatika katikati ya neno. Mama huyu ana magoti mawili ya kupachikwa hospitalini, lakini alilipanda lile tuta akampita Alwyn, akampita Shandelle, na alipotua alikuwa amesimama juu ya meza, kati ya keki na birika.

Nyoka akatoka nyuma yake bila haraka. Alikuwa mrefu kama bomba la kumwagilia maji.

"Huyo ni mwenyeji," Shandelle akatuambia, naye akiwa juu ya benchi. "Nyinyi ndio wageni. Mwacheni apite."

Tulimwacha, tena kwa adabu. Alipokwisha kujiendea zake, Lorna alishuka mezani, akajikung'uta makombo, akachukua mfuko wa pili bila kumtazama mtu. Akasema mbegu za jirani hazisomi nguzo, zitavuka mpaka tu. Wakaingia mle wawili wakang'oa mpaka jua lilipopinda, wakianzia na ule mkono mrefu.

Mwaka uliofuata Alwyn alivaa koti la nailoni lisiloshika kitu, na alitoa pipa la taka kila wiki, mgongo wima. Usingizi sijui aliupeleka wapi. Hakuna kichaka alichothubutu kukilalia. Oktoba Shandelle alikagua mara mbili, mara ya pili jua likiwa kali, akasema kimepona. Blanketi likafunuliwa.

Kumchomea mtu jina ni kazi ya jirani yake wa mpakani, kwa hiyo chuma kilishikwa na Lorna. Alichukua muda mrefu kuliko jina lilivyohitaji. Alipojitenga tukasoma: ALWYN PASCOE, na chini yake, kwa herufi zile zile, NA NYOKA.

Alwyn aliitazama nguzo yake kwa muda. Tukangoja akasirike. Akatoa leso, akaifuta, polepole, akihakikisha Lorna anaona.

"Nyoka," akasema, "ungemwandika kwa herufi ndogo."