Simu Ndani ya Karai

Nilikisikia chuma kabla sijauona mjengo. Kilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mkaratusi, na mlio wake ulivuma hadi barabarani Kanduyi niliposhuka. Nilipoingia, mafundi wote walikuwa wamekusanyika mbele ya msimamizi wao, kimya kama waumini.

Mkubwa wetu alinituma kutoka ofisi ya Kitale niwafundishe programu mpya ya simu. Ramani ya jengo ikibadilika, kila mtu angeiona papo hapo. Aliniambia waziwazi kwamba Kanduyi wakikataa, nami sina kazi.

Msimamizi alinisikiliza akitabasamu. Kisha akachukua karai la saruji, akawaamuru mafundi watie simu zao humo, akanikabidhi.

"Shika ofisi yako, madam. Sisi hapa tunajenga na matofali, hatujengi na bando."

Walicheka. Nililibeba karai lile hadi kivulini kando ya stoo, saruji kavu ikinikwaruza vidole, nikaapa kumpokonya kitu alichokipenda kuliko mshahara: kuitikiwa.

Sikuwa na haraka. Niliwarudishia mafundi simu zao, nikakaa nao wakati wa chai. Walinisimulia jinsi mabadiliko yalivyochelewa kuwafikia, jinsi walivyobomoa leo ukuta walioujenga jana, na jinsi lawama zilivyowaangukia wao. Maandishi madogo yaliwachosha, kwa hiyo nikaanza kuwarekodia sauti: dirisha hili limepanda, ukuta ule umesogea. Walidhani nawahurumia. Labda kidogo. Lakini kila nilipotuma ujumbe niliuona uso wa msimamizi, na mate yangu yakawa matamu.

Naye nilimtumia kila ujumbe. Hakufungua hata mmoja. Simu yake ilikaa ndani ya koti, na koti likakaa kwenye msumari wa stoo.

Kisha mwenye hosteli tuliyokuwa tukiijenga akataka mlango wa jikoni uhamie upande wa pili. Ofisi ikachora upya, nami nikawatumia wote. Asubuhi msimamizi akapiga chuma kwa nondo yake, akakunjua karatasi yake kuukuu, akaagiza mlango ujengwe palepale pa zamani. Hakuna aliyeinua mwiko.

"Mzee, huo mlango si ulishahama," fundi mmoja, mama wa makamo, akasema polepole. "Kwani wewe hukuambiwa?"

Kicheko kilianzia nyuma. Msimamizi akakipiga chuma tena, kwa nguvu zake zote. Mafundi walimpa mgongo wakaenda kuanza upande wa pili. Hapo ndipo nilipomletea karai.

"Weka na yako, mzee. Tusikusumbue na bando."

Alichokiweka humo hakikuwa simu bali ile nondo ya kupigia chuma. Akasema hawezi kukaa mahali anapoulizwa maswali na watu aliowafundisha kushika mwiko. Alipolivaa koti, simu ikalia mfukoni, ikalia tena: mafundi walikuwa wakituma picha za ukuta mpya.

Niliingoja huruma ije. Haikuja. Akapita kwenye mlango wa mabati bila kugeuka, nami nikaufunga nyuma yake, nikatia komeo.